Mashuka Matatu Juu ya Jiwe

Nilimnyanyua mwanangu na shuka lake, nikampiga kikumbo mama mkwe pale mlangoni, nikatoka. Sijutii.

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda, mgongo kauegemeza kwenye fremu ya mlango, ungo mapajani, anapepeta mchele. Mtoto alikuwa nyuma yangu kitandani, miaka minne, mgongo umejipinda kama upinde.

"Shuka halijakunjwa, Mama Milembe."

"Mama, macho yamegeuka."

"Nimeyaona. Bibi Nesi kasema alale, basi alale. Utamshusha kwenye mawe haya akufie njiani, halafu useme nini?"

"Nitasema nilimshusha."

"Ngoja Bibi arudi kutoka Usagara."

"Usagara amekwenda msibani. Msiba unaisha saa ngapi?"

Alipuliza makapi. Yakapeperuka yakatua mguuni kwangu, meupe, mepesi, na hapo ndipo subira yangu ilipokatika. Ungo uliruka. Nilishuka mlima nikikanyaga mchele wa watu, mtoto kifuani, shuka linaburuza nyuma yangu juu ya mawe, na kila nyumba niliyopita watu walitoka kuangalia. Hakuna aliyenishangaa mimi. Walishangaa shuka.

Shuka lilikuwa la Bibi Nesi. Huyo ndiye ninayetaka kumwandika, na jina lake sitaliandika hapa. Kule juu kwetu Butimba, kwenye nyumba zilizong'ang'ania miamba ambako gari halifiki na pikipiki inaishia bondeni, hakuna aliyelitumia. Alikuwa Bibi Nesi kwa wazee, kwa watoto, hata kwa mbwa wa jirani, maana hata mbwa alikaa chini akimwona.

Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye miguu ya mtu aliyesimama wodini miaka mingi. Kifuani, juu ya kanga, alibana saa ya manesi, ile inayoning'inia kichwa chini ili mwenyewe akiinamisha macho aisome vizuri. Ukimwamkia shikamoo alijibu, "Marahaba. Ulimi." Unatoa ulimi. Uwe na ndevu, uwe na cheo, unatoa. Siku moja mchungaji wetu alipita na wazee wa kanisa watatu, suti nyeusi, Biblia kwapani. Bibi Nesi alimsimamisha katikati ya njia.

"Marahaba, baba mchungaji. Ulimi."

Mchungaji akatazama wazee wake, wazee wakatazama ziwa. Akatoa.

"Umepauka. Kunywa maji, ndipo ukahubiri."

Tulicheka wiki nzima. Nasema hili ili ueleweke ukubwa wa jambo: tulimpenda. Mtu usiyempenda humpi ulimi wako njiani.

Alikuwa na maneno mawili aliyoyarudia mpaka tukayasema usingizini. La kwanza: "Saa kwanza, maneno baadaye." Ukienda kwake ukilia kwamba mtoto anaharisha, hakuuliza anaharisha nini. Aliuliza, "Tangu saa ngapi?" Ukisema tangu asubuhi, anakurudisha nyumbani ukaulize. "Ugonjwa usio na saa ni umbea," alisema.

La pili lilikuwa la maji. Alikuwa akichota ndoo ya maji ya ziwa, mazito, ya rangi ya chai, anaiweka mbele ya mgonjwa, anasema, "Usiyaguse." Jioni anakuja na kikombe, anachota juu, maji meupe. "Umeona? Hatukuyafanya kitu. Tumeyaacha tu yatulie. Na mwili ni hivyo hivyo." Nilikuwa msichana wa kidato cha pili nilipoiona hiyo ndoo mara ya kwanza, nikaiona ni hekima tupu. Sasa ninajiuliza kwa nini hakuna hata mmoja wetu aliyetazama chini ya ndoo. Matope hayakwenda popote. Yalikuwa yamelala tu, yote, pale chini.

Kabla ya kustaafu alifanya kazi kwenye hospitali ya misheni ng'ambo ya ziwa, chini ya masista wa Kihispania. Kihispania chenyewe hakukijua. Asingeweza kuomba chumvi kwa Kihispania. Alichokijua ni maneno ya wodini, na katika hayo aliyapenda ya kitandani. Aliniandikia mara moja nyuma ya kadi yangu ya kliniki, kwa mwandiko wa kulala upande: caer en cama, estar en cama, guardar cama.

"Sisi Waswahili ni wavivu wa maneno," aliniambia. "Mlevi, tunasema amelala. Mvivu, amelala. Anayekata roho, amelala. Wenzetu wana vitanda vitatu. Cha kwanza unakiangukia: ugonjwa umekusukuma, pu! Cha pili upo ndani yake: wewe na ugonjwa mnatazamana. Cha tatu, guardar cama, unakilinda. Hapo umepewa kazi. Hutoki lindoni mpaka uambiwe."

Vijana wa kijiweni walimtania. "Bibi, guardar kama nini?"

"Kama askari magereza. Toa ulimi, wewe wa mwisho."

Nilimuuliza, maana nilikuwa nimeketi karibu na nilipenda kuuliza, "Anayelinda kitanda, Bibi, anakilinda dhidi ya nani?"

Akatazama saa yake kana kwamba jibu liko humo. "Dhidi ya watu wa nyumbani kwake."

Na hapa lazima niwe mkweli, ingawa ukweli huu hauninufaishi. Alikuwa sahihi. Mashuka yale alikuja nayo kutoka misheni, matatu, meupe, yana mstari wa buluu pembeni na muhuri uliofutika. Masista ndio waliomfundisha: mwanamke akijifungua, tandika shuka la hospitali juu ya kitanda chake nyumbani, mume na mama mkwe waogope. Shuka likiwa kitandani, hakuna wa kumwambia mzazi akachote maji. Likishakunjwa na aliyelitandika, basi, kachote. Kule kwetu kuchota maji ni kupanda mawe na ndoo kichwani, wakati mwingine mara nne kwa siku. Milembe alipozaliwa nilitoka damu nyingi. Siku ya tatu mama mkwe aliweka ndoo tupu kando ya mlango wa chumba changu, hakusema neno, aliiweka tu. Bibi Nesi aliingia, akaiona ndoo, akatoka, akarudi na shuka. Nililala siku kumi na moja. Ndoo ilikaa pale pale siku kumi na moja, ikaota utando wa buibui, na mama mkwe alichota mwenyewe akiguna njia nzima. Nisingepata shuka lile nisingekuwa hapa ninaandika.

Kwa hiyo usiniambie sielewi kwa nini mlima ulimsikiliza. Nilimsikiliza kuliko wote.

Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na jiwe kubwa, bapa. Akishachemsha mashuka aliyatandaza pale. Ukiwa bondeni unaliona jiwe, na ukiliona unausoma mlima wote. Mashuka matatu, wote wazima. Mawili, kuna mmoja chini. Watu walikuwa wakitoka sokoni Mirongo, wanasimama kupumzika, wanainua uso. "Mawili leo. Nani analinda?" Siku moja jiwe lilikuwa jeusi, tupu kabisa. Watu walipanda bila kuzungumza.

Sheria kwamba anayelinda hatolewi mpaka shuka likunjwe hakuitunga yeye. Tuliitunga sisi. Seremala mmoja alitandikiwa shuka kwa homa, siku ya pili akaamka akaenda kuchimba choo, wakamkuta amekalia shimo, amekufa, jembe mkononi. Tangu hapo shuka likawa si la kumzuia mama mkwe tena. Likawa na nguvu zake. Bibi Nesi alisikia tunavyosema na hakutukatalia. Alikuwa mtu wa kukataza kila kitu, pombe, soda, nailoni, lakini hili hakulikataza.

Alikuwa na mambo yake yasiyolingana. Alichukia uchafu kama dhambi, ila alinusa ugoro, na vidole vyake vilikuwa na rangi ya njano. Alitulaza sote, mwenyewe hakulala. Nilimkuta na malaria amesimama, kashika mlango kwa mikono miwili, meno yanagongana. Nikamwambia, Bibi, lala. Akasema, "Nikilala mimi, nani atakunja?"

La tatu niliona bila kuelewa. Bibi Nesi alishuka mlima ule kila Jumamosi na kikapu, mwepesi kama mbuzi wa mawe. Lakini siku mgonjwa aliposhushwa kwenye kiti, wanaume wanne wakipokezana, yeye hakuonekana. Alikuwa ndani. Dirisha limefungwa. Kelele zikiisha ndipo dirisha linafunguliwa.

Kulikuwa na waliolinda vitanda wakapona, wengi, mimi mmoja wao. Kulikuwa na mke wa muuza dagaa. Alilinda siku sita, tumbo limevimba, na siku ya saba tulimzika, jiwe likiwa na mashuka matatu. Kulikuwa na mtoto wa fundi viatu, mvulana wa miezi tisa, kupumua kwake kulisikika mpaka nje. Tulipita pale tukasema, analinda, atapata nafuu. Alipozikwa tukasema siku yake ilifika. Bibi Nesi alichemsha shuka mara tatu akalirudisha mahali pale pale juu ya jiwe, na hakuna aliyefungua mdomo. Mimi pia sikuufungua. Nilitoa ulimi tu nilipoagizwa.

Sasa Milembe.

Jumatatu asubuhi aliamka wa moto, analalamika kichwa, hataki mwanga. Baba yake alikuwa kazini Sengerema. Hakuna aliyenilazimisha kitu. Nilitoka mwenyewe, mbio, nikagonga mlango wa Bibi Nesi, nikamwambia kwa mdomo wangu huu, "Bibi, njoo na shuka." Sikusema njoo umwone. Nilisema njoo na shuka.

Alikuja. Akamshika paji la uso, akamshika shingo, akakaa na mkono wake pale shingoni muda mrefu, akitazama ukuta. Kisha akatandika.

"Alinde," alisema. "Nitapita kesho."

Jumanne alfajiri alipigiwa simu ya msiba Usagara, akaondoka. Saa tano mtoto alianza kukakamaa. Nilipiga simu yake mara kumi na saba, haipatikani. Saa saba ndipo ungo uliporuka.

Mwenye bodaboda bondeni aliona shuka akasita. "Dada, huyu si analinda?" Nilimwambia nitampiga jiwe. Tukaenda.

Hospitalini daktari kijana alimpokea, akainua kichwa cha mtoto, na mwili mzima ukainuka pamoja na kichwa kama ubao. "Ameanza lini?"

"Jana asubuhi."

"Jana!" Akatazama shuka. "Na hili shuka la hospitali gani? Alikuwa amelazwa wapi?"

Nililivuta shuka nikaficha mstari wa buluu. Ungemwambiaje?

Ilikuwa homa ya uti wa mgongo. Walimwokoa. Wiki tatu, sindano, mirija, na akatoka anatembea, anacheka, ana njaa. Tulipofika nyumbani niliangusha mfuniko wa sufuria nyuma yake, kwenye sakafu ya saruji. Paka alikimbia. Milembe aliendelea kucheza na kanga yangu. Nikauokota, nikauangusha tena. Nikauangusha tena. Mama mkwe alikuja kuuliza kelele za nini, akaniona, akamwona mtoto, akakaa chini pale pale.

Hasikii. Masikio yote mawili. Daktari alisema wakati mwingine ugonjwa huo huondoka na masikio, na kadiri unavyocheleweshwa ndivyo unavyokula. Hakusema ningewahi yangepona. Hakusema pia yasingepona. Hilo ndilo nililopewa niishi nalo.

Miezi mitatu sikuongea na Bibi Nesi; shuka lake alilirudisha mama mkwe. Nilipita kwake nikitazama mawe. Mlima ulikuwa upande wake. "Mtoto si yupo hai?" waliniambia. "Ulimtoa lindoni, unategemea nini?" Ndiyo, walisema hivyo. Kwamba masikio yalipotea kwa sababu nilimshusha shuka halijakunjwa.

Nikachukua karatasi mbili za daftari nikaandika malalamiko. Siku niliyotaka kuyapeleka, asubuhi, nilifika bondeni nikainua uso kwa mazoea. Mashuka mawili. Nikajiuliza nani mgonjwa, maana nyumba zote nilizopita watu wake nilikuwa nimewaona. Nikasimama. Nikahesabu nyumba. Ilibaki moja.

Nikapanda tena.

Mlango ulikuwa wazi. Amelala chali kwenye kitanda chembamba cha chuma, shuka mpaka kidevuni, mstari wa buluu umenyooka kama umepigwa rula. Saa ameibana kwenye shuka, juu ya kifua. Chumba kilinuka ugoro na kitu kingine chini yake. Jirani alikuwa amemwekea uji, umeganda.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba."

Nilingoja. Hakuniuliza ulimi. Hapo ndipo nilipoogopa.

"Mtoto?"

"Hasikii."

"Nimeambiwa. Nilitaka unieleze wewe."

"Nimekueleza. Na nimekuandikia malalamiko, naenda nayo kwa mtendaji wa kata sasa hivi. Nimeona nikwambie usoni."

"Soma."

Nikasoma. Nilikuwa nimeandika vizuri, nilijua. Alinisikiliza macho kwenye dari mpaka mwisho.

"Saa hazipo."

"Bibi?"

"Umeandika asubuhi, umeandika mchana. Huo ni umbea. Chukua kalamu. Jumatatu, saa mbili na robo. Homa kali. Shingo ngumu."

Kalamu ilisimama. "Shingo uliiona?"

"Niliigusa. Andika."

"Ulijua?"

"Nesi gani asiyeijua shingo ile?"

Nilisimama juu yake. Sijui ningefanya nini kama angekuwa na nguvu za kukaa. "Ulijua, ukatandika shuka ukaenda msibani."

Akasema polepole, akivuta pumzi katikati. "Mwaka wangu wa kwanza kuhamia hapa, nilimshusha mtoto wa mtu. Nilimbeba mwenyewe, nikajitia ushujaa. Akafia mikononi mwangu pale kwenye mawe mawili, kwenye kona. Mama yake alinishika kanga mbele ya watu wote, akasema nimemuua. Mpaka leo nikipita pale nakaza mwendo." Akalamba midomo. Ulimi wake ulikuwa mweusi. "Akifia kitandani, amechukuliwa na Mungu. Akifia njiani, nimemuua mimi. Ndivyo mlivyo nyie watu. Na mimi nikawa hivyo."

"Kwa hiyo shuka lilikuwa la kukulinda wewe."

"Andika hivyo hivyo. Usipambe."

Niliandika. Mkono uliniuma kwa kukandamiza kalamu.

"Ongeza mke wa muuza dagaa. Siku ya pili, saa kumi jioni, nilijua tumbo lile ni la kisu cha daktari. Ongeza mtoto wa fundi viatu. Saa moja asubuhi. Mbavu zilikuwa zinaingia ndani."

"Bibi, hawa hawajalalamika."

"Ndiyo maana uongeze."

Nilipomaliza nilikunja karatasi. Kiganja chake kilikuwa juu ya shuka, nikakigusa bila kukusudia, cha moto, kikavu kama jiwe la mchana. Nikamuuliza ameanza lini. Akanitajia siku na saa, hakukosea. Siku nne. Nikamwambia niite wanaume wanne na kiti.

"Nalinda kitanda," alisema.

"Dhidi ya nani?"

Nje, kule kwenye jiwe, upepo wa ziwa ulikuwa unayainua mashuka mawili na kuyaacha.

Haya ndiyo niliyoyapeleka. Kwenye ofisi nimeandika majina yote, hapa nayaacha.

*Kwa Mtendaji wa Kata.*

*Yah: Malalamiko dhidi ya muuguzi mstaafu anayetibu watu mlimani kwetu.*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mama wa mtoto wa miaka minne. Jumatatu saa mbili na robo asubuhi mlalamikiwa alimgusa mwanangu shingo, akaikuta ngumu, akajua ni ugonjwa wa hospitali, akaagiza alale kitandani. Nilimwita mwenyewe na nilimwamini mwenyewe. Hilo nalo liandikwe. Jumanne saa tano mtoto alikakamaa. Saa saba nilimshusha. Mwanangu hasikii.*

*Mlalamikiwa amekiri kwangu, akiwa na akili timamu, kwamba alijua pia kuhusu wengine wawili niliowataja kwenye karatasi ya pili, pamoja na saa zao. Wote wawili wamekufa. Amekiri kwamba aliogopa kulaumiwa njiani. Wakazi wa mlimani, nikiwemo mimi, tuliona na tulinyamaza.*

*Naomba yafuatayo. Mashuka matatu yachukuliwe yasirudi. Mlima upewe machela na watu wa kuibeba, ili mgonjwa asingoje ruhusa ya jirani. Wakazi waitwe waambiwe kwamba kumshusha mgonjwa si kumuua.*

*Ombi la mwisho ni la leo, halingoji kikao. Mlalamikiwa yuko kitandani kwake kwa siku nne sasa, homa kali, ulimi mweusi, uji haujaguswa. Nimemwacha saa nne na dakika kumi asubuhi. Hakuna jirani atakayethubutu kumtoa, kwa kuwa amejitandikia shuka mwenyewe na kwao hakuna mwingine wa kulikunja.*

*Siombi kwa huruma. Naomba ashushwe kwa njia ile ile, apite kwenye ile kona, atibiwe, aje ajibu akiwa hai. Shuka nimelikunja mimi.*